Kiti cha Nyuma

Kwenye basi, mzee mmoja alikuwa amepakata kabureta iliyofungwa taulo kama kichanga. Fundi cherehani aliyekaa nyuma yake akatega sikio.

"Ni ya pikipiki yangu ya safari," mzee alimwambia nesi aliyekaa naye. "Imelala stoo miaka kumi na mmoja. Sasa naifufua."

"Babu, utavunjika nyonga, halafu tuhangaike nawe sisi wodini."

"Ndivyo alivyosema bibi yako."

"Basi msikilize."

"Nitamsikilizaje, na tangu Jumatatu kaninunia? Ila leo asubuhi nimekuta tangi lina vumbi, tairi zina vumbi, kiti cha nyuma kinang'aa."

Nesi alifungua mdomo, basi likasimama, mzee akashuka na kichanga chake. Fundi alikuwa ameshapitishwa vituo viwili, wala hakulalamika.