Kiuno cha Mama Winfrida

Kwenye bajaji ya kutoka Mafiga nilibanwa pembeni na Kibwana, mlinzi wa hosteli, mnene, anayetoka zamu. Alimwamkia vizuri Mama Winfrida, muuza karoti wa mlimani, aliyepakata beseni tupu. Malipo yake yakawa kuchekwa tumbo.

"Marahaba mwanangu. Tumbo hilo ni la kulala mchana."

"Ndivyo nilivyo, mama. Tangu utoto usingizi wangu huja kunapokucha. Daktari anasema watu kama mimi tunanenepa kirahisi."

"Uvivu huo! Sisi jogoo anatukuta macho. Tangu Pasaka naamka saa tisa, na fundi ameshalipunguza gauni hili mara mbili." Akavuta kiuno tuone kinavyopwaya, kisha akamaliza chupa ya maji. Ilikuwa ya pili, na Mafiga yenyewe tulikuwa hatujaimaliza.

Kibwana akaacha kucheka. "Samahani mama, hiyo saa tisa unaamshwa na nini?"

"Mkojo. Ukishaniamsha mara ya nne, naona bora nianze kazi."

"Kapime sukari leo, mama. Mama yangu alikonda hivyo hivyo, tukawa tunamsifia. Tulimzika akiwa na kiuno cha msichana."

"Sukari ni ya wanene," akasema, na sasa hakuwa na utani. "Kapime wewe."

Bajaji ikasimama stendi. Akashuka mwepesi, akaikaza kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa muuza maji.