Ziba Kwanza: Tunamuaga Mama Elinipa Nnko

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Elinipa Nnko anastaafu kutoka idara yetu ya sheria za ajali za baharini hapa Arusha. Ndiyo, baharini. Wageni wote huuliza bahari iko wapi, naye huwaonyesha Mlima Meru na kuwaambia wapande, labda wataiona.

Alizaliwa juu ya Makumira, kwenye migomba na kahawa. Mara ya kwanza kupanda boti ya doria alivaa sweta, akatapika kwenda na kurudi. Alisema anaiheshimu bahari, ila hawapendani.

Kisha ikaja ile ajali. Meli ilipasuka mwambani, mafuta yakaanza kuvuja. Lesikar, ofisa wetu wa zamu bandarini, alikuwa na maboya ya kuyazingira, lakini sheria ilimtaka asubiri kibali cha maandishi kutoka makao makuu. Akasubiri. Kibali kilipofika, mikoko ilikuwa imeshakuwa myeusi, na akina mama waokota chaza wakawa hawana pa kuokota tena. Lesikar alipiga simu akilia. Mama Elinipa alilia naye.

Tangu siku hiyo alipigania kifungu kimoja. Kwao mlimani, mfereji wa maji ukibomoka, anayeuona wa kwanza anaziba. Kikao cha kuuliza nani kabomoa kinafuata baadaye. Akaandika hivyo hivyo: ofisa aliye karibu azuie mafuta kwanza, kibali kifuate, na asishtakiwe kwa kuwahi. Wakubwa walikikata. Akakirudisha. Wakakikata tena. Walimwita mng'ang'anizi, na jamani, ni mng'ang'anizi kweli. Sisi tuliochapa rasimu zile tunajua. Mwaka juzi kikapita.

Machi mwaka huu meli nyingine ikakwama. Tulikuwa tunakunywa chai simu yake ilipoita. Alikuwa Lesikar. Mama akaweka spika tusikie wote.

"Shikamoo Mama. Tumeshaziba. Kibali bado."

Aliitikia marahaba, akaweka kikombe chini, akalia mbele yetu bila kujificha.

Kibali kilifika kesho yake. Mikoko ilikuwa bado ya kijani.

Mama, asante sana. Tunaona uchungu kuachana nawe, tusidanganyane. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha nyumbani kwako. Na mfereji ukibomoka huko, ziba tu. Kibali chetu unacho.