Mwalimu Pumzi Aliyekimbia Kimya

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni dada yake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na nimeombwa niwasomee maisha ya kaka yangu. Wajomba walitaka kwenye ugonjwa paandikwe "maradhi mafupi", tusonge mbele. Nimekataa. Bahati mbaya kwao, mimi ndiye niliyepeleka karatasi kwa mchapaji. Yote yamo kwenye karatasi mliyoshika mkononi, na yamo kwa sababu kuna mtu mmoja hapa, mtoto wake wa mwisho, ambaye lazima ayasikie kabla ya Jumatano. Anajua namsema yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yetu alikuwa fundi mwashi, mama mkunga. Baba alianguka kazini akisukuma toroli, hajafika hata miaka hamsini, na watu wazima wakatuambia kazi ilimchosha. Tukaamini, tungejuaje? Kaka alikuwa kidato cha kwanza. Tangu hapo yeye ndiye aliyetuamsha kwenda shule, na alituamsha kwa kutuvuta shuka, hana huruma hata chembe.

Alisoma shule ya jirani, akamaliza sekondari mwaka 1987. Niseme ukweli, mpira wenyewe haukumpenda. Ukimpa pasi, inamtoka kama sabuni. Lakini kipindi cha pili, wenzake wakiwa wameshika magoti, yeye bado anakimbia, na mwalimu wa michezo alimpanga kwa hilo tu. Akaenda chuo cha ualimu akasomea elimu ya viungo, akahitimu mwaka 1991. Nyumbani tulimcheka sana. Jamani, mtu anakwenda chuo kusomea kuruka kamba?

Alianza kwa kufundisha shule, na huko ndiko alikompata wifi yangu, fundi cherehani. Walijuana kwa ugomvi. Wifi alikuwa ameshona bukta za timu ya shule, zikaanza kupasuka mapajani, akamfuata hadi uwanjani. "Mwalimu, hawa watoto unawafanya nini? Uzi wangu hauna kasoro." Kaka akamjibu, "Uzi hauna kasoro, mapaja ndiyo yameongezeka. Njoo uwapime upya." Alikuja kupima mara nyingi kuliko bukta zenyewe zilivyohitaji, na tusijifanye hatukuona. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja.

Mwaka 2003 klabu yetu ya mpira ilimchukua awe kocha wa viungo. Wakati huo mazoezi ya pumzi yalikuwa kuzunguka uwanja hadi mtu atapike. Yeye akayafuta. "Kwenye mechi mtu anakimbia, anasimama, anageuka, anakimbia tena," alikuwa akisema. "Anayezunguka tu ni mlinzi wa zamu." Aliwapa mbio fupi za nguvu, wanatembea kidogo pumzi irudi, wanachomoka tena, mpira ukiwa mguuni. Mwanzoni mwa wiki walipanda ngazi za jukwaani. Mechi ikikaribia aliwapunguzia kazi na kuwafukuza wakalale. Mwenyekiti alikuja siku moja akawakuta wanatembea. "Tumeajiri mtu wa kutembeza watu?" akafoka. Msimu ulipokolea, timu ikawa inafunga dakika za mwisho, wapinzani wako hoi, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeanza kumwita Mwalimu Pumzi.

Kwenye mbio za polepole alikuwa na mtindo wake. Alikimbia nao bega kwa bega huku anawasemesha: umekula nini asubuhi, mama hajambo, hiyo fulana umeazima kwa nani? Aliyejibu vizuri aliendelea. Aliyejibu kwa neno moja moja alipunguziwa mwendo. Aliyenyamaza alitolewa nje, akakalishwa, akashikwa mkono apimwe mapigo ya moyo, hata akilalamika. Golikipa wao, mtu asiye na maneno kabisa, alijifunza kupiga soga kwa lazima.

Sasa nafika pale wajomba wasipopataka. Mapema mwaka huu kaka alianza kukimbia na wachezaji bila kusema. Haulizi kitu, hatanii mtu. Nahodha alikuja nyumbani juzi, akakaa kwenye ngazi ya jikoni akalia kama mtoto. "Shangazi, tulidhani ametununia kwa sababu tulikuwa tunafungwa. Tukaambizana, tuongeze mwendo, tumfurahishe." Wakaongeza. Naye akaongeza, asiachwe. Watu aliowafundisha kumtoa nje anayenyamaza, hawakuwahi kufikiri kwamba anayenyamaza anaweza kuwa yeye. Siwalaumu, wanangu. Inauma, lakini siwalaumu.

Mwezi wa Juni alikwenda hospitali peke yake. Daktari wa moyo alimwambia misuli ya moyo wake imenenepa kupita kiasi, kwamba ugonjwa huo hutembea kwenye ukoo, bila shaka ndio uliomwangusha baba yetu, na kwamba asikimbie tena, na awalete watoto wapimwe. Alimwambia wifi peke yake, akamwapisha asiseme. "Nani atamsikiliza kocha wa viungo anayepanda ngazi kwa kushika ukuta? Tupande daraja kwanza, msimu uishe, nitapumzika na watoto nitawapeleka." Wifi, ulibeba mzigo mzito, na hakuna hapa wa kukunyooshea kidole.

Msimu haukuisha. Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi, baada ya mazoezi, alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akainama kufungua kamba za viatu. Mtunza vifaa alikuwa anahesabu mipira, akamsikia akishusha pumzi moja ndefu, akageuka. Alikuwa ameshaondoka.

Jumatano ijayo klabu kubwa inakuja kumtazama kijana wake, winga wa timu hii hii. Nilimwambia akapime kwanza. Akanijibu, "Shangazi, wakinikuta na kitu ndiyo basi tena, maisha yangu yote ni mpira. Niache nicheze hiyo mechi, nitapima baadaye." Nikatoka nje. Maneno ni ya baba yake yale yale. Wajomba wanasema hapa si mahali pake pa kusema haya. Mahali pake ni wapi basi? Kaburi jingine?

Marehemu ameacha mjane mmoja. Ameacha dada mmoja, ambaye ni mimi, na mdogo wetu wa kiume, tuliokwenda hospitali Alhamisi, tukaambiwa tuko salama. Ameacha binti mkubwa, amepimwa, hana tatizo. Ameacha binti wa pili, amepimwa, ameanza dawa, na daktari anasema atazeeka kama wengine akizifuata. Ameacha kijana wa mwisho, hajapimwa.

Kaka yangu, lala salama, mazoezi yamekwisha. Na wewe, baba, nakuomba mbele ya watu wote hawa, nikiwa sina aibu: usimfuate. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nimesimama kwenye geti la hospitali. Njoo hata kama umenikasirikia. Njoo tu.