Mama Irine na Kopo la Vidonge vya Kiungulia

Tarehe 30 Juni 2012 Bi. Paskalina Tluway, Mama Irine, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kwenye dirisha la dawa la zahanati yetu hapa Babati. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nimejaribu, lakini nina hasira.

Mkoa wa Manyara ulipoanza, mji ulijaa watu wa ofisini, na dirishani kwake wakajaa wenye kiungulia. Kila mmoja alifundishwa: kidonge hiki kinapunguza makali ya asidi tumboni, ndiyo maana kifua kinaacha kuwaka. Kitafunwe kisagike, kisimezwe kizima kwa chai. Kisichanganywe na vidonge vya kuongeza damu, kitavizuia kufanya kazi. Mzee mmoja wa Sigino, mwenye wajukuu, alimwamkia shikamoo ili tu aachiwe aende. Hakuachiwa.

Aliyerudi mara ya tatu hakupewa kidonge. Aliulizwa mbele ya foleni kama choo chake ni cheusi, dalili ya damu tumboni, kisha akapelekwa kwa daktari. Dawa hii inatuliza maumivu, haizibi kidonda kinachovuja damu.

Sisi wafanyakazi wenzake tulicheka. Tulimwita Mama Choo. Kopo la vidonge hivyo tuliliweka kwenye meza ya chai, kando ya sukari, tukawa tunatafuna kama pipi kila baada ya makande. Alipoliondoa, alilalamikiwa kwa barua, na uongozi ukamhamishia stoo miezi minane. Aibu tupu! Kopo likarudi mezani.

Miezi hiyo dereva wetu, Theodori, alitafuna vidonge kila siku, na hakuna aliyemuuliza kitu. Asubuhi moja alitapika damu akiwa kwenye usukani, akafariki kabla hatujamfikisha hospitali. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mama Irine alirudishwa dirishani wiki hiyohiyo kimyakimya, na mpaka leo, pamoja na keki iliyoagizwa, hakuna aliyemwomba radhi.

Naomba mimi. Vidonge vya Theodori nilikuwa nampa mimi, na barua ile niliiandika mimi.

Asante kwa kazi yako, Mama Irine. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kukaa na wajukuu wako. Tukikutana sokoni ukapita bila kunisalimia, nitaelewa.

Sosthenes, chumba cha dawa