Pembe Ndogo za Mzee Ephantus Njenga

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wetu wa Munyaka na nyinyi mliotoka Moi's Bridge alfajiri, mimi ni Kabura, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Baba kabla hatujampeleka shambani kumzika. Hiyo karatasi mliyopewa pale langoni iwekeni chini, ama jipepeeni nayo, kwa sababu kamati ya mazishi ikiongozwa na Mzee Wanjohi ilikaa Jumanne ikakata aya mbili nilizoandika kwa mkono wangu, bila hata kunipigia simu, na leo nitazisoma zote mbili.

Marehemu Mzee Ephantus Njenga alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, katika shamba la mahindi la mzungu mmoja karibu na Moi's Bridge, wakati huo ikiitwa Hoey's Bridge, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Macharia na hayati Kabura, ambaye nimerithi jina lake na, wanavyosema shangazi zangu, hasira zake. Nyanya hakuwa na saa, alichojua tu ni kwamba treni ya Kitale ilipiga honi na mtoto akalia, na Baba alipokuwa mtu mzima alitafuta ratiba ya zamani ya reli mpaka akaipata, ili ajue ni dakika gani hasa aliingia duniani. Mtu wa namna hiyo ndiye kamati ilitaka nimsimulie kwa kukadiria.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, akaenda Nairobi kusomea upimaji wa ardhi na kuhitimu Novemba 1978, kisha akarudi huku na kwa miaka thelathini na sita akafanya kazi na Mzee Kipkirui, yule ameketi pale na kofia ya kijivu, wakigawanya mashamba makubwa kutoka Moi's Bridge mpaka Chepkoilel. Mwaka wa 1991 aligundua kuwa mstari mmoja waliokuwa wamepima umepinda nusu digrii, na mwenye shamba alipomwambia nusu digrii si kitu, Baba alimtembeza kwa miguu kilomita mbili mpaka mwisho wa mstari ule, akamwonyesha jinsi mpaka ulivyoingia mita kumi na saba kwa jirani na kupita katikati ya jiko la watu. Mawe yote yaling'olewa wakaanza upya, na aliyenung'unika ni Mzee Kipkirui, ambaye hajaacha mpaka leo.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mama yetu, Waceke, wakabarikiwa na watoto watatu, mimi mwaka wa 1985, Macharia mwaka wa 1988 na Betty mwaka wa 1993, ambaye ni muuguzi kule Lodwar. Januari 2008, ghasia za uchaguzi zilipotufukuza tukakimbilia kambini na blanketi mbili, Mama Jebet wa hapa mkabala alificha mashine ya Baba ya kupimia na sanduku lake la madaftari nyuma ya magunia yake ya mahindi, na tuliporudi alivitoa vyote bila hata kalamu moja kupotea.

Sasa nasoma aya ya kwanza iliyokatwa. Mwaka wa 1998 mwenye shamba mmoja aliyekuwa akihama alimpa Baba kitabu kikuukuu cha majedwali ya sayari, naye akajifundisha kusoma nyota kama anavyopima shamba, kwa rula na penseli, mchana kweupe mezani. Hakuwa mganga, hakuuza dawa, hakuchinja kuku wa mtu. Alisema watu wote hukimbilia pembe kubwa, sayari zikikaribiana, zikipingana, zikiwa digrii tisini ama mia moja na ishirini, kwa sababu hizo ni za harusi na ajali, mambo ambayo hata asiyetazama atayaona. Yeye alipenda pembe ndogo, ndogo kwa sifa, si kwa digrii. Ya digrii thelathini alisema ni majirani wa ukuta mmoja wanaosaidiana bila kujuana, ya arubaini na tano ni kokoto ndani ya kiatu, ya mia moja thelathini na tano ni kazi uliyodhani umemaliza ikirudi tena, na ya mia moja na hamsini ni mambo mawili yasiyoelewana kabisa yakiishi nyumba moja, mwili na moyo kwa mfano, ambapo hakuna ushindi, kuna kurekebisha kila siku, na ukichoka kurekebisha unaugua. Pembe ndogo haisamehe makosa, ikikosea kwa zaidi ya digrii mbili haipo tena, na ndiyo sababu wavivu husema haina maana.

Mimi mwenyewe siamini nyota, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Lakini nyinyi mlikuja. Mlikuja kwa mlango wa jikoni baada ya ibada, mkanywa chai ya Mama, mkauliza kuhusu binti anayekataa kuolewa na shamba linalogombaniwa, halafu mkasimama kanisani mkamwita mshirikina. Majina sitataja, madaftari yanayo, na tarehe pia. Leo mnaona aibu na kazi yake, na aibu hiyo mnataka niibebe mimi, binti yake, mbele ya jeneza lake. Siibebi.

Aya ya pili ni hii. Kamati imeandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na huo ni uongo, Mzee Wanjohi, nausema kwa heshima na kwa sauti. Jumapili tarehe 13 Julai mwaka huu wa 2025 nilimwona Baba akichechemea, nikamuuliza, akasema kiatu kimembana, nikamwambia twende hospitali, akafungua daftari akanionyesha Mshtarii, ile sayari ya bahati, akikaribia digrii mia moja na ishirini kutoka jua lake la siku ya kuzaliwa, pembe kubwa, pembe nzuri. Akaniambia, "Kabura, mwaka huu nimelindwa." Na mimi nisiyeamini nyota niliamini siku hiyo, kwa sababu ilinifaa, nilikuwa na haraka ya kurudi kwangu.

Tarehe 2 Septemba alianguka bafuni. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu, sukari ilikuwa imepanda na hakuna aliyewahi kuipima, walimkata mguu tarehe 9, na akafariki Alhamisi tarehe 25 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono. Jumatatu hii nilifungua madaftari kutafuta tarehe za kuandika historia hii, nikafika ukurasa wa 13 Julai. Mshtarii yuko juu, kwa wino. Chini kabisa, kwa penseli, ameandika: "Zohali na Neptuni yangu, 150. Mguu umekufa ganzi, mwezi wa tatu sasa. Betty asiambiwe."

Aliona. Mtu aliyeng'oa mawe ya shamba zima kwa sababu ya nusu digrii aliona mguu wake mwenyewe ukifa, akanionyesha pembe kubwa ili ninyamaze. Nimekukasirikia, Baba. Nimekasirika tangu Jumatatu na nimejikasirikia zaidi, na sitasema mbele ya watu hawa kwamba uliugua kwa muda mfupi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea tukiwa tumechelewa na wasitusute, inamshukuru Mama Jebet aliyepika hapa siku nane, na Mzee Kipkirui, aliyelala hospitalini usiku ambao sisi tulishindwa. Betty ameketi pale tunapotokea na kifaa chake cha kupima sukari, na nimewaambia wapishi hakuna sahani itakayomfikia mtu ambaye hajatoa kidole. Mzee Wanjohi, wewe ndio wa kwanza. Nimekuona ukichechemea tangu asubuhi, na nilipokuuliza umeniambia kiatu kimekubana.

Lala salama, Baba, upumzike kwa amani, huku tutarekebisha.