Jina Jipya, Damu Ile Ile

Kijiwe cha Roho Safi kiko mtaa wa Kwa Mathias, nyuma ya vibanda vya chipsi: benchi moja la mbao na birika la kahawa la Hashiru. Pale hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa mdomo. Asubuhi hiyo Seifu, fundi mageti, alishika kikombe asikinywe. Mwanawe wa miaka saba alikuwa ametokwa na damu puani tangu alfajiri, khanga mbili zikalowa. Na wiki tatu nyuma, kwa ushauri wa benchi hilo hilo, mtoto alikuwa amebadilishwa jina la babu yake, Maneno, akaitwa Bakari.

— Imetoka tena? akauliza Injinia, fundi pikipiki.

— Tena.

— Presha hiyo, kaka. Pampu inasukuma sana, mpira umechoka. Mpunguzieni chumvi.

— Daktari kasema presha hana. Mishipa yenyewe imeumbwa vibaya, myembamba, inapasuka bure. Iko kwenye vinasaba, tunarithishana. Seifu akagusa vidoa vyekundu vya ugonjwa huo mdomoni mwake. — Nimempa mimi.

Hakuwahi kulitamka hilo. Lilimuuma kuliko alivyotegemea.

— Basi mnara wa simu, kule kijijini kwenu Kibuta! Mawimbi yanachemsha damu.

— Baba kafa na beseni la damu mapajani, Injinia. Mwaka ule hata redio hatuna.

— Ni jina tu! akadakia Profesa, karani mstaafu, ambaye ndiye aliyeleta wazo lile. — Mmebadilisha nusu nusu. Bibi yake si bado anamwita Maneno? Marehemu anasikia, anafuata chake. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Profesa? Cha damu ya mwanangu?

Hashiru akaongeza kahawa kwenye vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

Ndipo akatokea Zena, mdogo wake Seifu, katoka Kibuta kuja kumwona mgonjwa. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Profesa, akimsogezea nafasi.

Zena hakukaa. Naye mdomoni alikuwa na vidoa vile vile.

— Kaka, mama anataka jina la huyu wa tumboni. La ukoo, kama kawaida yetu. Ila liwe la mtu ambaye hakutokwa na damu. Daktari si alisema wapo wasiorithi? Nitajie mmoja tu.

Seifu akaanza kuhesabu kwa vidole. Baba, hapana. Shangazi Hamisa, hapana. Bibi Mwanaamina, aliyekuwa akilala ameketi ili asipaliwe na damu. Mjomba wa baba. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili.

Injinia akaangalia barabarani. Profesa akainamia kikombe chake.

— Bado nafikiri, akasema Seifu.

Zena akaketi kungoja.