Kidari Ndani ya Pipa

Siku hiyo kahawa ilipoa vikombeni, jambo ambalo benchi la mbele ya karakana ya Fundi halikuwahi kuliona. Macho yote yalikuwa kwenye pipa alilolichomelea mwenyewe, linalofuka moshi wa kuni za mpera tangu alfajiri. Ndani mlikuwa na kidari kizima cha ng'ombe, kimelazwa usiku kucha kwenye sosi ya soya, tangawizi, asali na ufuta, kama Fundi alivyofundishwa na mpishi wa Kiasia aliyefanya naye kazi melini. Bucha, muuza nyama wa mtaa, aliapa kwamba kikilainika atavua aproni mbele ya watu. Miaka ishirini kidari anawauzia wafuga mbwa, leo aambiwe nini na mchomelea mageti?

— Saa ya nne hii mshale wa kipimajoto umeganda kwenye sabini, alisema Bucha. Moto unawaka, nyama haitaki. Si niliwaambia?

— Tulia wewe, alijibu Fundi. Moto mdogo, saa nyingi.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, alidakia Profesa, kinyozi wa jirani. Huyu mmechelewa kumkunja.

— Profesa, huyu ni ng'ombe!

— Ndiyo ugumu wenyewe! Sikilizeni, nyama inatoka jasho. Inajipoza.

Wakacheka mpaka benchi likalia.

— Haya, alisema Profesa, kama si jasho, basi soya na tangawizi zimekutana humo ndani, zinapeana habari za kwao. Moto utasikilizwa na nani?

— Mie naona, alisema Bucha, huyo ng'ombe hajapata taarifa kwamba amekufa.

Hakuna aliyecheka. Mshale ulikuwa umesogea.

Jioni Fundi akafunua pipa. Kidari kilikuwa cheusi ti, kinang'aa, na kisu kilipogusa tu, kipande kikainama chenyewe.

— Mama yangu! alisema Profesa.

Bucha akatia mdomoni. Ikaja chumvi, ikaja asali, ukaja moshi, kila kimoja kwa zamu yake, na nyama ikaisha kabla hajaitafuna. Ng'ombe anamjua pembe hadi mkia, kumbe hamjui. Akafungua kamba za aproni bila kuambiwa na mtu.

Mama yake Bucha akatokea na mkongojo wake, anatoka zahanati. Meno yalimwisha, mwaka wa nne huu anakunywa mchuzi, nyama anaitazama tu wenzake wakila.

— Karibu, mama, onja, alisema Fundi, akamkatia.

Bibi akafumba macho. Akamung'unya, akameza, akanyoosha mkono tena.

— Jamani! Nimekula nyama mimi! Mwanangu, hii ni ya dukani kwako?

— Ya kwangu, mama.

— Sasa siku zote unawauzia kina nani?

Bucha akamtazama Profesa. Profesa akainamia kikombe chake.